Ndoo Nyekundu Iliyowavusha Heroe

Haya, nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Kuna mama ana watoto thelathini na wanne. Wote wanalala wamesimama, tena kwa mguu mmoja. Akienda kwao anavua viatu vya nje na kuvaa vya ndani, na akitoka kwao anavua tena. Hakumzaa hata mmoja, lakini akikohoa tu, shingo zote zinageuka. Ni nani huyo?

Usijikune kichwa. Jibu linakuja, limevaa ovaroli nyeupe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyuma kabisa ya bustani ya wanyama, mbele ya banda refu lenye paa la bati, mwanamke mmoja anasimama kwenye kizingiti na kuvua viatu. Anaviacha upande wa nje wa mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Anavuka mstari kwa soksi, anaingiza miguu kwenye mabuti ya mpira, kisha anakanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu anarudia, maana yeye si mtu wa kuamini mara moja.

Barakoa. Glavu. Kofia ya kufunika nywele. Sasa yamebaki macho tu.

Mwisho anachukua ndoo. Ni ndoo nyekundu ya plastiki, imechubuka, mpini wake umeshafungwa waya. Anagonga ubavu wake kwa kijiko kikubwa cha kuchotea chakula: ko, ko-ko, ko. Ndani ya banda inaitikia kelele kama ya soko zima lililoingiwa na furaha.

"Umewasikia?" anasema. "Hao ndio wanangu. Hawana adabu kabisa asubuhi."

Hao ni heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye shingo kama mpira wa bomba na miguu kama vijiti vya kufagilia. Na huyu ndiye mtunzaji wao. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na karibu nusu ya umri huo ameimalizia hapa. Wenzake wote, kuanzia mkuu wa bustani mpaka muuza tiketi, wanamwita Mama Ndoo.

Leo Mama Ndoo hajala. Chai aliyomiminiwa na mumewe ameiacha mezani ikapoa. Leo maabara inatoa majibu.

Kwenye banda kubwa wapo heroe thelathini na watatu. Wa thelathini na nne yupo peke yake, kwenye chumba kidogo cha pembeni. Ni jike mzee kuliko wote, shingo yake ina kipindo kisichonyooka, na jina lake ni Shangazi. Siku chache zilizopita aliacha kuifuata ndoo. Akajitenga kwenye kona, akaingiza mdomo chini ya bawa, akafumba macho mchana kweupe.

Daktari wa wanyama alimchukua sampuli kooni na nyuma, na wenzake pia, akazituma. Majibu yakisema ni mafua ya ndege, hataondolewa Shangazi peke yake. Banda zima litauawa siku hiyohiyo, wazima na wagonjwa, ili ugonjwa usitoke nje ya ukuta. Kila mtumishi hapa analijua hilo, ndiyo maana asubuhi hii hata salamu zinatolewa kwa sauti ya chini.

"Niulize chochote," anasema Mama Ndoo, "ila usiniulize hilo la majibu. Nikilisema nitalia, na ndani ya barakoa huwezi kufuta pua."

Basi turudi nyuma kidogo, mpaka siku mambo yalipoanza.

Nikutegee tena. Mgeni gani huja bila kualikwa, hakugongei mlango, hakuombi chochote, anakunywa maji kwenye bwawa lako, anaoga humohumo, na akiondoka anakuachia kilio? Ni bata mwitu. Anaruka kutoka mbali, ana ugonjwa tumboni, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Kinyesi chake kidogo tu kikidondoka majini, kazi imekwisha.

Habari za mafua ya ndege zilikuwa zikisikika redioni kwa muda, lakini kwa mbali, kama ugomvi wa mtaa wa pili. Kisha bata mwitu mmoja akaokotwa amekufa kwenye dimbwi lililo nje ya ukuta wa bustani. Akapimwa. Akakutwa nao.

Mkuu wa bustani aliwaita watumishi wote chini ya kibanda cha tiketi. Milango ya wageni ikafungwa. Mabwawa yakaanza kufunikwa nyavu. Kasuku na tausi wakaingizwa ndani, mbuni wakapigiwa uzio wa pili. Mapipa ya chakula yakawekewa mifuniko ya kubana, maana ndege wa porini ni wezi wa chakula. Kila mlango ukapata beseni lake la dawa, na kila beseni likapata mlinzi wake.

Mlinzi wa geti kuu ni mzee mwembamba wanayemwita Kamanda. Hakuna kiatu kilichompita. Siku moja mkuu mwenyewe alitaka kuruka beseni kwa sababu alikuwa na viatu vipya vya ngozi.

"Kamanda, mimi nakwenda ofisini tu."

"Wewe nenda popote, mkuu. Viatu ndivyo ninavyovizungumzia."

"Vitaharibika."

"Basi vivue upite miguu mitupu. Lakini na miguu utaikanyagisha."

Mkuu akakanyaga. Tangu hapo hakuna aliyebishana.

Lakini amri iliyomchoma Mama Ndoo haikuwa ya beseni. Ilikuwa ya nyumbani. Mtumishi yeyote anayeshika ndege hapa, haruhusiwi kuishi nyumba moja na kuku, bata wala njiwa. Anayefuga achague: awaondoe, au ahamishwe kitengo. Mwenzake mmoja aliyekuwa na njiwa wake wa mashindano alikubali siku hiyohiyo kwenda kutunza twiga. Anasema twiga ni wapole ila shingo zao zinamchosha kutazama.

"Mimi nami ningekwenda kwa twiga," anasema Mama Ndoo. "Lakini heroe si mbuzi. Humfungi kamba ukamvuta. Akishikwa kwa nguvu anapiga teke hewani na mguu unakatika kama kijiti. Walitakiwa waingie ndani kwa miguu yao wenyewe, kundi zima, na hawakuwa wanamfuata mtu mwingine. Ningeondoka, nani angewaingiza?"

Na nyumbani kwake kulikuwa na kuku. Si wake. Ni wa mama mkwe.

Mama mkwe huyu ni mjane, mfupi, mwenye ulimi wa haraka na mikono ya haraka zaidi. Anaishi na mwanawe, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na mkewe huyu na wajukuu watatu. Kuku wake walikuwa tisa na jogoo mmoja. Jogoo aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao uani kilichoanza kabla hajafika. Mama mkwe aliwajua kwa sauti, kwa tabia na kwa makosa yao ya zamani.

Mama Ndoo alileta habari baada ya chakula cha jioni. Mumewe aliinamia sahani iliyokwisha zamani.

"Kwa hiyo kuku wangu wanaumwa," alisema mama mkwe.

"Hawaumwi, mama. Ila wakipata, mimi nitaubeba na kuupeleka kazini kwenye kiatu."

"Kiatu si unavua?"

"Na kwenye nguo je?"

"Si unafua?"

"Na kwenye nywele, mama?"

"Nyoa."

Watoto walicheka. Hata mume alicheka, kisha akaona uso wa mama yake akaacha.

"Hao ndege wenu hawatagi mayai ya kula," aliendelea mama mkwe. "Hawaliwi. Hawawiki asubuhi mtu akaamka. Kazi yao kusimama mguu mmoja wakitazamwa. Na ndio kuku wangu wahame?"

Akainuka, akaenda kulala.

Asubuhi walimkuta uani. Kuku wote walikuwa ndani ya tenga, Mwenyekiti amefungwa miguu kwa kitambaa laini, na pembeni kulikuwa na begi la nguo. Alikuwa anawapeleka kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji.

"Mama, na begi la nini?" aliuliza mwanawe.

"La nguo."

"Kuku ndio wanaohama."

"Nao wakihama, nahama nao. Mwenyekiti hajawahi kulala ugenini peke yake."

Mama Ndoo alimfuata mpaka barabarani. Anasema alitaka kumshika mkono lakini mikono yote miwili ya mama mkwe ilikuwa kwenye tenga.

"Mama," akamwuliza, "utarudi lini?"

Mama mkwe alikaza kamba ya tenga, akaipima kwa kidole, akamwambia mbebaji anyanyue. Akaondoka. Swali likabaki pale barabarani.

Nyumba ikawa kimya kuliko ilivyopaswa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiwaamsha watoto, akikagua masikio yao na kuwasukuma shuleni. Sasa fundi wa kuchomelea alipika uji asubuhi akiwa amevaa miwani yake ya kuchomelea, kwa sababu, anasema, uji unaruka. Mtoto wa mwisho aliuliza kila siku kama Bibi amewakasirikia wao au ndege.

"Nilimjibu ndege," anasema Mama Ndoo. "Lakini sikuwa na uhakika."

Siku ya kuwaingiza heroe ndani ilifika, na hapo ndipo walipokosea, kosa ambalo labda ni watu wa kazi hii tu wangelifanya.

Walikuwa wamejiandaa kwa kila kitu. Njia kutoka bwawani mpaka bandani ilizibwa turubai pande zote mbili, kama ukumbi. Watu walijipanga wakiachiana nafasi. Na Mama Ndoo, kwa mara ya kwanza, alivaa mavazi kamili: ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, miwani, glavu. Ndoo yake nyekundu iliachwa stoo, kwa sababu ilikuwa imekaa nje miaka yote na hakuna aliyejua imeguswa na ndege gani wa porini. Alipewa mpya, ya bati.

Akaingia bwawani. Ndege waliomjua miaka hii yote walimtazama, wakamwona mzimu.

"Walikimbia," anasema. "Walinikimbia mimi. Walipanda juu ya wenzao, wakajigonga kwenye uzio, wengine wakaanguka. Niliwaita, lakini sauti ndani ya barakoa ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mmoja aliumia bawa. Daktari akainua mkono, tukaacha. Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa chini."

Huyo daktari wa wanyama ni kijana mrefu, msemaji wa maneno machache. Alimfuata nyuma ya stoo. Hakumpa pole.

"Umebadilika nini machoni mwao?" alimwuliza.

"Kila kitu."

"Kipi kinaweza kurudi bila kuleta vijidudu?"

Mama Ndoo alifikiri. "Ndoo."

"Ndoo haina manyoya," alisema daktari. "Iloweke."

Wakailoweka ndoo nyekundu kwenye dawa kutwa nzima, wakaisugua mpaka ndani ya mpini, wakaianika juani. Siku iliyofuata Mama Ndoo aliingia tena bwawani na mavazi yaleyale meupe, lakini safari hii hakuwasogelea. Alisimama tu majini, maji yamefika magotini, akaanza kugonga: ko, ko-ko, ko. Mlio uleule wa kila asubuhi.

Jua likapanda. Mkono ukauma, akahamishia kijiko mkono wa pili. Heroe walisimama upande wa mbali, shingo juu, wanamsikia mtu wao lakini hawamwoni.

Wa kwanza kutoka alikuwa Shangazi. Alikuja polepole, akisimama, akitembea, akisimama. Alipofika karibu aliinua ile shingo yake yenye kipindo akatazama ndani ya miwani. Kisha akaingiza mdomo kwenye ndoo.

"Nilimwambia, shikamoo," anasema Mama Ndoo. "Sikuwa na neno jingine."

Shangazi akikubali, kundi halina ubishi. Mama Ndoo aligeuka, akatembea kinyumenyume kwenye ule ukumbi wa turubai akigonga, na heroe wote wakamfuata mstari mmoja. Kamanda, aliyekuwa amesimama pembeni, anasema ilikuwa kama arusi ya watu wenye nguo moja, ila bibi arusi amebeba ndoo.

Lakini kuingia ni jambo moja, kukaa ni jingine. Mle ndani palikuwa na giza kidogo, na bwawa la kuchimbwa haraka. Heroe akijiona katika kundi dogo hupoteza raha, hali, hatulii. Walijibana kona moja kama watu waliofika mjini bila mwenyeji.

Safari hii aliyepata dawa ni daktari. Alikumbuka kwamba heroe hawajui kujitambua kwenye kioo. Wanaona ndugu. Basi nikutegee cha tatu, hiki chepesi: ndugu gani hali, hanywi, hachukui nafasi ya kulala, lakini ukimwona tu unapata moyo? Vioo vikahitajika, vikubwa, vingi, haraka.

Mwenye saluni ng'ambo ya barabara alitoa viwili. Fundi seremala akatoa kimoja chenye ufa pembeni. Mume wa Mama Ndoo akachomelea fremu za chuma, usiku hakulala vizuri, ila asubuhi alikuwa anapiga mluzi. Bado vilipungua.

Siku hiyo simu ikalia. Mama mkwe alikuwa ameshasikia habari kwa wajukuu.

"Kwenye kabati langu kuna kioo," alisema. "Kile kirefu cha mlangoni. Mwambie mume wako akifungue taratibu, bawaba moja imelegea."

"Mama, kile ni cha arusi yako."

"Huku sijitazami. Kuku hawajali nimevaaje."

"Asante, mama. Na je, utarudi lini?"

"Salio linaisha," akasema mama mkwe, na simu ikakatika.

Kioo kikatolewa, kikaoshwa kwa dawa mara mbili, kikasimamishwa mbele ya bwawa la ndani. Heroe walipoona ndugu zao wapya wakashusha shingo, wakaanza kutembea, wakala. Mpaka leo kile cha mama mkwe ndicho kinachopendwa zaidi. Mama Ndoo anasema ni kwa sababu kinamfanya mtu aonekane mwembamba.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Alfajiri viatu, mstari, beseni, ndoo. Mchana kufua ovaroli, kuchemsha vyombo, kukagua nyavu kama zina tundu. Jioni kuoga hapahapa kazini, na nyumbani kuoga tena. Kila Jumapili mama mkwe alipiga simu kuwaulizia watoto, kisha, kama mtu aliyekumbuka tu, akaulizia ndege.

"Yule mzee wenu anakula?"

"Anakula, mama. Utarudi lini?"

"Salio linaisha."

Watoto wakaanza kuwekeana dau nani atalisikia kwanza hilo neno.

Kisha Shangazi akaacha kula, na sasa tupo hapa, asubuhi ya majibu.

Mama Ndoo amemaliza banda kubwa. Mgonjwa huhudumiwa mwisho, baada ya wazima, na kwa mabuti mengine. Anaingia chumba kidogo. Shangazi amesimama kwenye kona, mguu mmoja umekunjwa. Ndoo inawekwa mbele yake. Hageuki.

"Shangazi, nionee huruma," anasema Mama Ndoo kwa sauti ndogo. "Hawa wenzio wote wapo mgongoni mwako."

Nje kuna sauti ya hatua. Sheria ya hapa ni kwamba hakuna kukimbia karibu na banda, iwe heri au shari, kwa sababu ndege wakishtuka wanaumia. Kwa hiyo mtu hawezi kujua habari kwa mwendo wa anayeileta. Daktari anakuja taratibu kama siku zote. Naye pia amefunikwa uso. Yamebaki macho tu, na dirisha lina vumbi.

Mama Ndoo hasogei. Anashikilia ukingo wa ndoo.

Daktari anasimama nje ya dirisha. Anainama, anaokota kitu, na mara ukutani kunasikika mlio: ko, ko-ko, ko.

Mama Ndoo anakaa chini palepale sakafuni.

"Nilijua," anasema baadaye, macho yamemvimba. "Mtu mwenye msiba hagongi hivyo."

Majibu yalikuwa safi, ya Shangazi na ya kundi zima. Kilichomsumbua mzee wa watu kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeangalia kwa kuogopa ugonjwa mkubwa: kidonda kwenye unyayo. Mkeka wa mpira ulikuwa umesogea mlangoni, akawa anakanyaga saruji tupu siku baada ya siku. Daktari alimfunga dawa, sakafu ikaongezwa mchanga, na kesho yake Shangazi akampiga mwenzake mdomo kwa kumtangulia kwenye ndoo. Kamanda alipoambiwa alisema mgonjwa akianza ugomvi, amepona.

Wiki kadhaa baadaye, bila ndege mwingine kuokotwa mjini, ruhusa ikatoka. Bustani ya wanyama haikupoteza hata ndege mmoja. Hata yule wa bawa, bawa liliunga.

Asubuhi ya kuwafungulia, geti linafunguliwa kwa wageni pia, nao wanafika mapema, kila mmoja akikanyaga beseni chini ya macho ya Kamanda. Wanapangwa mbali, nyuma ya uzio, wanaombwa wanyamaze. Wananyamaza kweli. Fundi wa kuchomelea amekuja na watoto wote watatu, nguo zimepigwa pasi.

Mlango wa banda unafunguliwa.

Hakuna anayetoka. Mwanga umewapiga machoni, wanasimama kizingitini wakiuangalia ulimwengu kama deni la zamani. Mama Ndoo yupo bwawani, maji magotini, mavazi meupe. Anagonga ndoo.

Shangazi anatoka. Anachechemea kidogo, lakini anachechemea kwa maringo. Nyuma yake mstari unajitokeza, mmoja, mwingine, mwingine, waridi juu ya waridi. Wa kwanza anapogusa maji anafungua mabawa, na ndani ya waridi unaonekana weusi uliokuwa umefichwa kwa miezi. Wote wanafungua. Wanakimbia juu ya maji, wanarusha matone, wanapiga kelele kama shule iliyopigiwa kengele ya mapumziko. Mtu mmoja nyuma ya uzio anaanza kupiga makofi, anakumbuka, anaacha, kisha daktari mwenyewe anaanza, na uzio mzima unaitikia.

Kamanda anafuta macho. Anasema ni ile dawa ya beseni, ina mvuke mkali.

Mama Ndoo anatoka majini, anapita kwenye chumba cha kubadilisha, anaoga, anarudi na nguo zake za kawaida. Akiulizwa anatarajia nini sasa, hafikirii muda mrefu.

"Vifaranga," anasema. "Hawajawahi kutaga hapa. Daktari anasema wakijiona wengi wanapata moyo wa kujenga viota. Basi vile vioo tunavitoa nje, tunavisimamisha kando ya bwawa. Nitawaletea tope zuri, wajenge wenyewe. Mwakani ukija, uje uone kifaranga wa kijivu. Anakuwa mbaya sana wa sura. Nitamlea."

Kuna jambo moja linalomsumbua. Bustani imeamua amri ya nyumbani ibaki daima: anayeshika ndege hapa, hafugi kuku kwake. Heri imekuja, lakini tenga la mama mkwe haliwezi kurudi uani.

Anapogeuka kuwatafuta wanawe, anamwona amesimama kwenye uzio. Mfupi, gauni la kwendea arusini, mikono imeshika chuma.

Mama Ndoo anarudi hatua moja nyuma. Mazoea ya kazi. "Mama, shikamoo. Lakini usinisogelee, umetoka kwa kuku."

"Marahaba. Nimetoka kwa binti yangu," anasema mama mkwe. "Wiki nzima nipo kwake, sijagusa hata unyoya. Nimeoga mpaka ngozi imechoka."

"Na kuku?"

"Wapo kwa mdogo wangu. Wamezoea. Mwenyekiti kapata wake wengine huko, nikimwita hageuki."

Wanatazama bwawa. Shangazi amesimama mguu mmoja, ule mzima, na amefumba macho juani.

"Hawa ndio walionifukuza nyumbani?"

"Ndio hao, mama."

"Miguu yao mibaya." Anaangalia kwa muda mrefu. "Lakini yule mzee anajua kutembea mbele ya watu."

Mjukuu wa mwisho ameshamshika gauni. Fundi wa kuchomelea anajifanya anakagua fremu ya uzio.

"Mama," anasema, "utarudi lini?"

Safari hii hakuna simu wala salio. Mama mkwe haondoi macho kwa Shangazi.

"Begi langu liko getini kwa yule mlinzi wenu," anasema. "Kalikanyagisha kwenye dawa, utafikiri begi nalo lina miguu."